Kisukari uzeeni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wazee na wanaowatunza

Maswali haya ni ya wazee wenyewe na ya wale wanaoishi nao: watoto, wajukuu, wenzi wa ndoa, wasaidizi wa nyumbani. Majibu yanahusu zaidi kisukari cha aina ya pili, kwa kuwa ndicho kinachowapata wazee wengi. Utaona jambo moja linajirudia: kwa mtu mwenye umri mkubwa, sukari inayoshuka sana inaweza kumuumiza ndani ya saa moja, ilhali sukari iliyozidi kidogo huchukua miaka kuleta madhara. Familia nyingi huogopa ile ya pili tu. Usibadili dozi ya mgonjwa wako kwa sababu ya ulichosoma hapa. Soma, kisha mwulize daktari anayemjua.

Mzee hakuwahi kulalamikia kiu wala kukojoa sana. Imekuwaje tuambiwe ana kisukari?

Kwa kawaida sukari ikivuka takribani 10 mmol/L katika damu, figo huanza kuimwaga kwenye mkojo. Mkojo unaongezeka, kiu inafuata. Umri ukisogea, kiwango hicho hupanda, na hisia ya kiu nayo hufifia. Sukari inaweza basi kukaa juu miezi mingi bila zile dalili tunazozijua. Kinachoonekana ni mambo yanayofanana na uzee wenyewe: kukonda, kuchoka, macho kuona ukungu, kujikojolea usiku, maambukizi ya mkojo yanayorudi, kidonda kinachochelewa kupona, akili kutotulia. Kauli ya "ni uzee tu" imewachelewesha wengi kupimwa.

Kisukari huthibitishwa kwa damu: sukari ya 7.0 mmol/L au zaidi kabla ya kula chochote asubuhi, au HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari, kinaelezwa hapa chini) ya asilimia 6.5 au zaidi. Kama hakuna dalili, kipimo hurudiwa kabla ya kumbandika mtu jina la ugonjwa.

Mashine ya jirani inasoma 162, yetu inasoma 9. Ipi ni mbovu?

Huenda hakuna mbovu. Moja inatumia mg/dL, nyingine mmol/L. Gawanya ile namba kubwa kwa 18 na utapata ndogo: 162 ni sawa na 9. Andikeni kipimo mnachotumia kwenye jalada la daftari la sukari, maana simu ya haraka kwa muuguzi ikitaja "sita" au "mia moja" bila kipimo inaweza kuzua taharuki ya bure.

Na kabla ya kupima, mzee anawe mikono kwa maji na sabuni, aikaushe. Aliyetoka kumenya tunda ana sukari kwenye kidole, na mashine itaihesabu.

HbA1c ni nini, na ya mzee inapaswa kuwa ngapi?

Sukari hujishikiza kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi takribani siku 120. Kwa hiyo HbA1c inaonyesha wastani wa miezi 2 hadi 3 iliyopita, tofauti na kidole kinachosema habari ya dakika hii. Mtu mwenye upungufu wa damu, au aliyeongezewa damu karibuni, anaweza kupata jibu la kupotosha, mkumbushe daktari.

Sasa lengo. Hapa ndipo watoto wenye bidii hukosea, na nawaelewa: wanataka mama awe na namba nzuri kama ya kijana. Mzee mwenye nguvu, akili timamu na magonjwa machache hulengwa chini ya asilimia 7.0 hadi 7.5. Mwenye magonjwa kadhaa sugu, au anayehitaji msaada kuoga na kuvaa, au aliyeanza kusahau, hulengwa chini ya 8.0. Aliye dhaifu sana, au mwenye ugonjwa wa kusahau uliokomaa, hafukuzii tena namba ya HbA1c. Kinachotafutwa ni sukari isishuke na isipande hadi kumletea kiu, mkojo mwingi na kukauka mwili.

Sababu yake ni hesabu ya muda. Faida ya kubana sukari, yaani kulinda macho, figo na mishipa, huja baada ya miaka mingi. Hatari ya kuibana kupita kiasi huja leo usiku: anaamka, anayumba, anaanguka, nyonga inavunjika. Mzee wa miaka 85 anayetumia insulini na mwenye HbA1c ya 6.2 si wa kupongezwa haraka. Mwulize daktari kama dawa zinaweza kupunguzwa. Si uzembe kuuliza hivyo. Kupunguza dawa ni sehemu ya tiba.

Nitajuaje kuwa sukari yake imeshuka?

Dalili zinazofundishwa ni kutetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio na njaa ya ghafla. Mzee anaweza asionyeshe hata moja. Badala yake anakuwa mkali bila sababu, au anazubaa katikati ya maongezi. Ulimi unakuwa mzito. Anaona vitu viwiliviwili, anatembea kama mlevi, au anasinzia mchana na hataki kuamshwa. Wanaomzunguka hudhani ni kiharusi, au usahaulifu umezidi, au ni ukaidi.

Baadhi ya dawa za presha na moyo, zile zinazopunguza kasi ya mapigo, huficha mtetemeko na moyo kwenda mbio. Jasho ndilo hubaki mara nyingi. Ukikuta nguo za kulalia zimelowa asubuhi, au mzee anasema ameota ndoto za kutisha na ameamka na kichwa kinamuuma, shuku kuwa sukari ilishuka usiku. Aliyeugua kisukari miaka mingi, au ambaye sukari yake imeshuka mara kwa mara, mwili wake unaweza kuzoea na kuacha kabisa kutoa ishara.

Kwa hiyo shika hili moja: mzee mwenye kisukari akibadilika ghafla kwa namna yoyote, pima sukari kwanza, maswali baadaye. Chini ya 3.9 mmol/L (70 mg/dL) imeshuka. Chini ya 3.0 (54 mg/dL) ni hatari ya wazi. Kama huna mashine karibu na anaweza kumeza vizuri, mtibu kama mtu ambaye sukari imeshuka; kiasi hicho kidogo cha sukari hakitamletea balaa hata kama ulikosea. Kama uso umepinda upande mmoja au mkono umelegea, mkimbize hospitali hapohapo, usisubiri kuona kama atatulia.

Imeshuka. Nifanye nini?

Mpe gramu 15 za sukari inayoingia haraka kwenye damu: vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya juisi au soda ya kawaida, au kijiko kikubwa kimoja cha asali. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu. Chokoleti na biskuti huchelewa kwa sababu ya mafuta. Subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini ya 3.9, rudia. Ikipanda, na mlo ujao uko mbali, mpe chakula kidogo chenye wanga isije ikashuka upya.

Kishawishi ni kumpa sukari nyingi kwa hofu, kikombe juu ya kikombe, kisha sukari inaruka hadi 20 na siku nzima inaharibika. Jizuie. Dakika 15 ni ndefu ukiwa umeshika mkono wa mama yako, lakini zisubiri.

Anayetumia akabosi, dawa inayochelewesha usagaji wa wanga, hatapata nafuu haraka kwa sukari ya mezani. Yeye anahitaji glukosi yenyewe, ya unga au vidonge, na iwepo nyumbani wakati wote.

Na akiwa amezimia?

Usimtie kitu chochote mdomoni, hata maji ya sukari, kwa sababu yataingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu na uombe msaada wa dharura. Kama mlipewa sindano ya glukagoni, inayopandisha sukari, na kufundishwa kuitumia, mchome. Usimchome insulini.

Dawa gani hasa zinashusha sukari kupita kiasi?

Insulini, na vidonge vya kundi linaloisukuma kongosho itoe insulini hata kama mtu hajala. Katika kundi hilo yumo glibenklamidi, na huyu namtaja kwa jina kwa sababu hukaa mwilini muda mrefu na wataalamu wa afya ya wazee wanashauri asitumike kwa watu wenye umri mkubwa. Glikilazidi ni ndugu yake aliye mpole zaidi, ingawa naye huweza kushusha. Ikiwa mzee wako bado anameza glibenklamidi, usiiache ghafla leo. Peleka swali kliniki wiki hii. Na ambaye sukari yake imeshuka kwa sababu ya vidonge vya aina hii anahitaji kuangaliwa hospitalini hata akizinduka vizuri, maana sukari inaweza kuporomoka tena saa nyingi baadaye.

Metformini ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari. Inasumbua tumbo ikimezwa bila chakula, na ikitumika miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12, jambo linaloleta ganzi ya miguu na usahaulifu ambao watu huusingizia kisukari au uzee. Omba B12 ipimwe. Figo zikidhoofika sana metformini husimamishwa, ndiyo sababu kipimo cha figo hakiepukiki kila mwaka.

Leo hajala. Nimpe dawa?

Inategemea dawa. Vile vidonge vinavyosukuma kongosho visimezwe bila mlo. Insulini ya kabla ya chakula vivyo hivyo: kama chakula hakuna, haichomwi. Insulini ya muda mrefu, ile ya mara moja kwa siku, kwa kawaida haiachwi kabisa ila inaweza kuhitaji kupunguzwa. Msingoje siku hiyo ifike ndipo mwanze kupiga simu. Siku ya kliniki, mwambie daktari akuandikie kwenye karatasi: asipokula, hii aache, hii apunguze hadi kiasi hiki. Ibandikeni karatasi hiyo mahali pa dawa.

Kwa mzee ambaye huwezi kujua atakula kiasi gani, mwulize daktari kama insulini ya chakula inaweza kuchomwa mara tu baada ya kula badala ya kabla.

Ana homa na anaharisha. Kuna la kuogopa zaidi?

Ndiyo, kukauka maji. Ugonjwa wowote, hasa maambukizi ya mapafu au mkojo, hupandisha sukari hata kama mtu hali chochote. Sukari ikipanda, maji yanatoka kwa mkojo. Mzee hasikii kiu, hanywi. Damu inazidi kuwa nzito. Hali hii huweza kujengeka kwa siku kadhaa kimyakimya hadi sukari ikavuka 33 mmol/L, naye anasinzia, anachanganyikiwa, hatimaye hawezi kuamshwa tena. Ni dharura inayoua, na mashine nyingi za nyumbani hazitaonyesha namba, zitaandika tu kuwa iko juu mno.

Akiugua, pima sukari kila baada ya saa 4 hadi 6. Mpe maji kidogokidogo kila mara, isipokuwa daktari amempangia kiwango kwa sababu ya moyo au figo. Mwulize daktari kuhusu kusimamisha kwa muda metformini, dawa za kuongeza mkojo, na zile dawa mpya zinazotoa sukari kupitia mkojo. Hizi za mwisho huweza kuleta asidi mbaya kwenye damu hata sukari ikiwa haijapanda sana. Nenda hospitali kama anatapika kila kitu, kama sukari inakaa juu ya 15 licha ya dawa, kama anapumua haraka, au kama hakutambui vizuri.

Na kama ameandikiwa prednisoloni kwa pumu au maumivu ya viungo, tegemea sukari kupanda, hasa mchana na jioni. Kipimo cha asubuhi peke yake kitawadanganya.

Ameanzishiwa insulini. Ina maana amefika mwisho?

Hapana, na hofu hii inaumiza watu wengi kuliko sindano yenyewe. Kongosho hutoa insulini kidogo zaidi kadiri miaka inavyopita. Anachochomwa ni kuongezea kilichopungua. Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza kuipata, Januari 1922, alikuwa mvulana wa miaka 14 aliyekuwa anakufa. Kabla ya hapo mtoto kama huyo hakuwa na tumaini.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye jokofu, nyuzi joto 2 hadi 8, mbali na sehemu inayogandisha. Iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka. Inayotumika inaweza kukaa nje ya jokofu mahali pa baridi kwa takribani siku 28 kwa aina nyingi. Andika tarehe ya kufungua juu ya chupa. Ile yenye rangi ya maziwa biringishwe taratibu viganjani kabla ya kuvutwa, isitikiswe.

Zungusheni sehemu za kuchoma. Mzee huzoea pahali pamoja kwa kuwa hapaumi, kisha panaota uvimbe mgumu wa mafuta, na insulini ikichomwa humo hunyonywa leo vizuri, kesho vibaya. Papasa tumbo lake kwa vidole. Ukiuacha uvimbe na kuhamia sehemu nzuri, sukari inaweza kushuka kwa dozi ileile, kwa hiyo mtaarifu daktari kwanza.

Sindano ilingane na chupa. Chupa ya yuniti 100 kwa mililita ikivutwa kwa bomba la sindano lenye alama za yuniti 40 kwa mililita, mzee atapata mara mbili na nusu ya dozi yake. Na kama macho yake yamefifia, mtu mwingine ahakikishe namba kabla ya kila sindano, hata kama mwenyewe anasema anaona.

Tumpikie chakula chake peke yake?

Hakuna haja. Chakula chenye mboga nyingi, wanga wa kiasi, protini na mafuta kidogo kinaifaa familia nzima, na mzee anayekula peke yake sahani tofauti huishia kula kidogo. Hilo ndilo la kuogopa. Uzeeni misuli hupungua, na mzee aliyenyimwa huku akinyimwa kule hukonda, hudhoofika na kuanguka. Akipungua uzito bila kukusudia, legezeni masharti na mwongezeeni protini, isipokuwa daktari wa figo amesema vingine.

Angalieni meno pia. Asiyeweza kutafuna hukimbilia vilaini, na vilaini vingi ni wanga mtupu. Ugonjwa wa fizi nao hupandisha sukari.

Miguu tuiangalieje?

Kila siku, kwa macho na kwa mkono, nyayo na katikati ya vidole. Ganzi ndiyo adui: mzee anaweza kutembea kutwa na kokoto ndani ya kiatu bila kujua. Asiyeweza kuinama atumie kioo sakafuni au aangaliwe na mtu mwingine. Maji ya kuogea yapimwe kwa kiwiko, si kwa mguu. Miguu ikaushwe, hasa kati ya vidole, kisha ipakwe mafuta kila mahali isipokuwa humo katikati. Kucha zikatwe moja kwa moja bila kuchimba pembeni. Sugu isikatwe kwa wembe. Chupa ya maji ya moto isiwekwe miguuni hata usiku wa baridi. Asitembee peku, hata ndani ya nyumba, na kabla ya kuvaa kiatu aingize mkono ndani akague.

Kidonda chochote, malengelenge, wekundu, au mguu mmoja kuwa wa moto kuliko mwenzake, upelekwe kwa mtaalamu siku hiyo au kesho yake. Kutokuuma si dalili njema. Huenda neva ndizo zimekufa.

Anaanguka mara kwa mara. Ni kisukari?

Huenda ni sukari kushuka, ganzi, macho, misuli, au presha inayoporomoka akisimama. Hii ya mwisho hupuuzwa. Ombeni apimwe presha akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, dawa zake ziangaliwe upya. Nyumbani, taa ya njia ya chooni usiku ina thamani kubwa.

Anasahau kama amemeza dawa, anameza tena.

Tumieni kisanduku chenye vyumba vya siku. Insulini na vile vidonge vya kusukuma kongosho vitoke mikononi mwa mgonjwa, vitunzwe na mtu mmoja anayeandika kila dozi. Watunzaji wawili bila daftari moja ni dozi mbili. Kisha mwombe daktari arahisishe: dawa chache, mara moja kwa siku inapowezekana.

Anakataa kupimwa. Anasema amechoka kuchomwachomwa.

Msikilize kabla ya kumshawishi. Pengine ana haki. Anayetumia metformini peke yake na hali yake imetulia hahitaji kuchomwa kila siku, na kuna familia zinazowachoma wazee mara nne kwa siku kwa namba ambazo hakuna anayezitumia. Choma pembeni mwa kidole, si kwenye ncha, na badilisha vidole. Kama uchovu wake ni wa kila kitu, hataki kula, hapati usingizi, hataki wageni, huo unaweza kuwa ni sonona, ambayo huambatana na kisukari mara nyingi na inatibika. Usimgombeze kama mtoto. Mwili ni wake. Jadilianeni lipi yuko tayari kulifanya.

Mimi ninayemtunza nimechoka. Ni vibaya kusema hivyo?

Si vibaya. Mfundishe mtu wa pili mambo mawili tu, kutambua sukari iliyoshuka na kuitibu, ili uweze kulala nje siku moja bila hofu. Na wewe pima sukari yako, hasa kama mgonjwa ni mzazi wako.

Siku ya kliniki tubebe nini?

Dawa zote ndani ya mfuko mmoja, pamoja na za mitishamba na za maumivu zilizonunuliwa bila cheti, maana baadhi huumiza figo. Daftari la sukari lenye saa, si namba tupu. Viatu anavyovaa kila siku. Orodha ya mara alizoanguka au kuchanganyikiwa. Ulizeni kama mwaka huu amepimwa ndani ya macho, mkojo kwa ajili ya protini, damu kwa ajili ya figo, na hisia za miguu, na kama amepata chanjo ya mafua na ya nimonia. Na kama alimeza dawa asubuhi, mbebee chakula na kitu kitamu mkobani: foleni ikirefuka, sukari itashukia palepale kwenye benchi.